Marehemu Alihudhuria

Kwanza lilikuwa koti.
Kaka aliniambia, vaa, leo mguu umekataa,
nenda ukanikalie tu, kusikiliza hakuna kazi,
na posho tutagawana.
Koti la kaki, mfuko wa ndani una ugoro,
na miwani iliyofungwa uzi upande wa kushoto.
Nikapanda na baiskeli yake, toka Tutuo,
vumbi la kiangazi likinipaka umri njiani.
Mahakama ya Mwanzo, Sikonge. Karani hakuinua macho:
Mzee Ntinginya?
Nikaitika.

Kuitika ni jambo dogo.
Mtu huitika hata usingizini.

Siku ya kwanza, mbuzi waliokula mahindi.
Siku ya pili, talaka; nikatazama viatu vyangu.
Siku ya tatu akaletwa Luhende,
kwamba amerina usiku mizinga minne ya Kalunde binti Mhoja.
Ndoo mbili za asali zikawekwa mezani, vielelezo,
karani akazifunika gazeti.
Nyuki wawili wakaja hivyo hivyo, bila hati ya wito.

Hapo ndipo nilipokosea, kama mnataka mahali penyewe.
Si kwenye koti. Ndani ya koti nilikuwa kivuli cha kaka,
na kivuli hakina kauli.
Lakini asali mimi naijua.
Kaka alikuwa mtu wa tumbaku, mtu wa bani na kuni,
angeulizwa asali angejibu ni tamu.
Mimi nikaomba kijiti, nikachovya, nikaonja:
ya mtundu, nyepesi, na ukali mdogo nyuma ya ulimi.
Mizinga ya Luhende yote iko mbugani, kwenye migunga.
Hakimu akaandika. Kesi ikaahirishwa.

Jumanne kaka akafa.

Ijumaa ya wiki iliyofuata nikalitoa koti msumarini.
Shemeji Nyamizi aliniona nikilikung'uta.
Alishika ufagio, akafagia pale pale palipokwisha fagiwa.
Askari baadaye aliniuliza kwa nini.
Kesi ilikuwa nusu, bwana.
Nani hushusha mzinga hadi katikati ya mti
akauacha unaning'inia?

Hakimu alisema, hana hatia.
Bi Mwajabu, mzee mwenzangu wa baraza, akasema, anayo.
Macho yakanigeukia.
Kiapo alikula kaka, naye alikuwa chini ya udongo,
ulimi ukawa wangu: anayo.
Wawili kwa mmoja. Miezi sita.

Daftari la posho ndilo lililonisema.
Ntinginya Kapaya, kazikwa tarehe tisa,
kasaini tarehe kumi na tisa, shilingi elfu tano.
Karani mpya, kijana, akaandika pembeni kwa wino mwekundu:
Marehemu alihudhuria.

Basi shauri likafutwa lote, batili, tangu mstari wa kwanza.
Luhende akatoka.
Kalunde akabaki na mizinga minne mitupu
na mahakama isiyokumbuka kumsikia. Hajanisemesha hadi leo.
Na mimi nikapanda kizimbani, kile kile,
ubao umelainishwa na viganja,
nikaweka changu pale alipoweka chake.
Mbele yangu wazee wawili wapya.
Nilitamani kuwauliza majina.

Faini nimelipa, kwa ng'ombe mmoja.
Koti lilichukuliwa kielelezo, halijarudi.

Juzi Luhende kapita nyumbani. Hakuketi.
Kaacha chupa ya asali dirishani, imezibwa kwa gunzi.
Kasema, Mzee, si wewe mjuzi? Onja.
Sikujua kama anacheka.

Kioo chake ni cha kijani, rangi haisemi kitu.
Sisimizi wamejipanga, wanapanda, wanashuka,
wameshaamua lao,
nao hakuna aliyewaapisha.
Mimi gunzi sijaligusa.